Daftari la Masikio

Ambwene alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, alitembea haraka, na sala ya chakula aliimaliza wenzake wakiwa bado hawajafumba macho. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mganga wa zahanati ya Kalwembe. Watu wa Kalwembe walikuwa Wafipa, na kwao salamu ni kazi kamili yenye mwanzo na mwisho wake. Walimvumilia kwa sababu sindano yake haikuuma, na kwa sababu hakuna mganga mwingine aliyekubali kukaa kwenye baridi ile.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Mwaka wa sabini na nne watu walitolewa kwenye mashamba yao ya mbali wakapangwa kando ya barabara iendayo Mwazye, nyumba mkabala na nyumba, na miaka mitatu baadaye ilionekana wazi kwamba kifua kikuu kilikipenda kijiji kipya kuliko wanakijiji wenyewe. Kila asubuhi watu ishirini na kitu walikaa kwenye benchi la zahanati wakingoja sindano. Sindano sitini kwa kila mgonjwa, siku hadi siku, bila kuruka. Dawa ile ilitibu kifua, hilo halina ubishi. Lakini ilikuwa na tabia moja mbaya: kwa baadhi ya watu iliingia masikioni ikaua usikivu, na usikivu uliouawa hivyo haukurudi tena.

Hiyo ndiyo sababu ya daftari. Daktari Kulsumu, binti wa Mzee Mwinjuma mwenye malori na duka pale Majengo, Sumbawanga, alikuwa amesoma mpaka akawa mtafiti wa masikio huko Dar es Salaam, na kwa utafiti wake alichagua zahanati kumi na mbili za Ufipa. Alitaka kujua kama wazee na wenye miili midogo wapunguziwe dozi. Aliwaeleza waganga wote kwamba dawa ile haiui masikio ghafla. Hutanguliza dalili, mlio wa kengele au mvumo ambao mgonjwa anausikia peke yake. Ukimwuliza mgonjwa kila siku, na ukasimamisha sindano siku ileile mlio unapoanza, unaweza kuokoa kilichobaki. Ukichelewa, basi. Kalwembe ilipangiwa kutoa dozi kamili, gramu moja kwa kila mtu mzima, na kila siku kuuliza habari za masikio na kuandika jibu.

Ambwene alilipenda daftari lile. Alikuwa na mwandiko mzuri na alijua kwamba anao. Alichora mistari kwa rula, akaandika majina kwa wino mweusi, na kila asubuhi akapita benchi zima huku kalamu iko tayari.

"Shikamoo mama. Habari za leo?"

"Marahaba. Nzuri, baba."

"Kifua?"

"Hakijambo."

"Habari za masikio?"

"Nzuri."

"Haya, geuka." Sindano inaingia, pamba inapita, na kalamu inaandika *nzuri*. "Anayefuata!"

Watu ishirini na watatu kwa saa moja na robo. Alikuwa na saa ya mkononi na alijipima.

Miongoni mwa hao ishirini na watatu alikuwepo Luciana. Huyu alikuwa mkunga, mama wa miaka hamsini na mitano hivi, mwembamba, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Nusu ya watoto wa Kalwembe walidondokea kwenye mikono hiyo. Baada ya zahanati kujengwa alipelekwa mafunzo ya wiki sita kwa masista wa Kaengesa, akarudi na kile kidude cha mti kinachofanana na tarumbeta ndogo, ambacho mkunga hukiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Ambwene alikuwa nacho chake, lakini alikiri mwenyewe kwamba kwa Luciana yeye ni mwanafunzi tu. Luciana alifumba macho, akasikiliza, kisha akakwambia mtoto amekaa vipi, moyo wake unakwenda upesi au polepole, na kama kuna jambo la kutia wasiwasi. Hakukosea.

Alipoanza kukohoa damu, Ambwene alimtibu kama mama yake. Hakumkosesha sindano hata moja. Siku ya sitini kikohozi kilikuwa kimekwisha, mashavu yamerudi, na Luciana alichuchumaa mbele yake akapiga makofi ya taratibu kama Wafipa wanavyomshukuru mtu mkubwa. Ambwene aliona haya akamwinua. Lakini moyoni alijisikia mtu.

Wiki ya nne baada ya hapo, dereva wa lori la Mzee Mwinjuma alileta barua. Daktari Kulsumu aliandika kwamba atafika Alhamisi kuchukua daftari. Aliandika pia kwamba katika zahanati zote kumi na mbili, Kalwembe peke yake haikuwa na hata mgonjwa mmoja aliyelalamikia masikio, kwa mujibu wa taarifa za kila mwezi alizotumiwa, na kwamba taarifa hizo zimemsaidia sana. Mwisho akasema jina la Ambwene amelipendekeza kwa kozi ya utabibu. Ambwene aliisoma barua mara nne. Akainyoosha, akaiweka ndani ya daftari, akaitoa, akaisoma tena.

Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi yenyewe, ilikuwa kliniki ya wajawazito. Luciana alikuja kusaidia kama kawaida. Kitandani alilala Kristiana, msichana wa mimba ya kwanza, miezi minane, mwenye hofu ya kila kitu. Ambwene alikuwa kwenye kona akihesabu vidonge vya damu. Luciana aliweka kidude chake juu ya tumbo, akainama, akatega sikio.

Ambwene aliinua macho kwa bahati tu. Kuna kitu hakikuwa sawa, na ilimchukua muda kukitambua. Luciana hakufumba macho. Alikuwa anamtazama Kristiana usoni, anamtazama kwa makini, huku mkono wake wa kushoto ukipapasa ubavu wa tumbo ukitafuta mtoto acheze. Mtoto alicheza. Kristiana akatabasamu. Hapo ndipo Luciana aliponyanyuka.

"Mzima kabisa," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.

"Mapigo mangapi?" Ambwene aliuliza.

Luciana alikuwa amempa mgongo, anamfunika Kristiana kanga. Hakujibu.

"Mama Luciana, mapigo mangapi?"

Kristiana alimtazama mkunga, akamtazama mganga, na tabasamu likamwisha.

Ambwene aliweka chini vidonge. Alisogea mpaka hatua mbili nyuma ya mama yule, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Akaita tena. Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, na Kristiana akashtuka kitandani. Luciana aliendelea kukunja pindo la kanga, taratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani kwake.

Ambwene alimpeleka nje, nyuma ya zahanati, akasimama mbele yake ana kwa ana. Sasa alianza kuyaona yale ambayo angeyaona zamani kama angetulia: jinsi macho ya Luciana yalivyoshuka kwenye midomo yake, jinsi alivyojishika ukutani aliposhuka ngazi.

"Mama, husikii?"

"Sema polepole, mwanangu. Fungua mdomo."

"Tangu lini?"

"Kengele zilianza wiki ya tatu," alisema Luciana. "Kengele, kengele, usiku na mchana. Kisha ndege sikuwasikia. Kisha watu. Sasa hivi hata kengele zenyewe zinaniacha."

"Wiki ya tatu!" Ambwene alipandisha sauti, na hasira yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa ameshaogopa. "Mbona hukusema? Nilikuuliza kila siku! Siku sitini nimekuuliza, na siku sitini umeniambia nzuri!"

Alilazimika kurudia mara mbili. Luciana alipoelewa, alimtazama kwa mshangao, hata bila chuki.

"Mwanangu, ulinisalimia. Mtu akikusalimia utaanza na matatizo? Unajibu nzuri. Kisha ndiyo unasema, ila." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nasema nzuri, navuta pumzi niseme ila masikio yanalia kengele, na wewe umekwisha kumwita anayefuata. Siku moja nilisema. Ulikuwa umenipa mgongo, unachemsha sindano. Nikasema moyoni, huyu anajua. Yeye ndiye mganga. Kama ni jambo baya angesimama."

Ambwene alilijua hilo vizuri kabisa. Yeye mwenyewe kila alipomwandikia mama yake alianza kwamba yeye ni mzima wa afya, na mstari wa tatu ndipo ilipokuja ila, na baada ya ila ndipo yalipokuja malaria, baridi, na upweke. Nani asiyejua hivyo? Hata kwenye msiba mtu huulizwa habari, akajibu nzuri, ndipo akaeleza nani kafa. Alijua, na bado alikuwa ameuliza kama anavyouliza mpita njia, kisha akaandika jibu la mpita njia kwa wino mweusi.

"Yule mtoto wa Polikarp," Luciana alisema ghafla.

Ambwene alimkumbuka. Wiki mbili zilizopita mke wa Polikarp alijifungua mtoto ambaye hakulia. Luciana ndiye aliyempima siku mbili kabla.

"Sikumsikia," alisema. "Niliweka sikio, nikasikia kengele tupu. Nikajiambia kengele ndiyo inayomfunika, mtoto yupo. Nikawaambia mzima." Aliitazama mikono yake mikubwa. "Sijui alikuwa yupo au hayupo. Mpaka leo sijui."

Hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua. Ambwene alirudi ndani, akamsikiliza Kristiana mwenyewe, akapata mapigo mia na arobaini, mazuri, akamruhusu aende. Kisha akafunga zahanati saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua daftari kwapani, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Njiani, nisiseme uongo kwa niaba yake, aliwaza kunyamaza. Luciana alikwisha kumaliza sindano. Masikio yake yalikuwa yamekwenda, na kusema kusingeyarudisha. Wazee wangapi ni viziwi na hakuna anayeuliza kwa nini? Daftari lilikuwa safi. Kozi ilikuwa inamngoja. Aliwaza hivyo kutoka zahanati mpaka nyumba ya mgonjwa wa kwanza, Urbano, na kwa mtu wa mwendo wake hiyo haikuwa safari ndefu.

Kwa Urbano alikaribishwa kigoda. Akakaa. Akasalimiwa, akajibu. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ulezi shambani, za mvua iliyochelewa. Akauliza habari za masikio. "Nzuri," alisema Urbano, mzee wa sindano thelathini na nane. Ambwene alifunga mdomo akangoja. Haikuwahi kumwia vigumu hivyo kukaa kimya. Kuku walipita, wakarudi.

"Ila," alisema Urbano, "kuna mvumo. Upande huu. Kama mashine ya kusaga ikiwa mbali."

Mpaka jua linaelekea kuzama alikuwa amezimaliza nyumba zote zenye mgonjwa aliyekuwa bado anachomwa sindano. Wanne walikuwa na kengele au mvumo. Wote wanne, daftarini, walikuwa nzuri, nzuri, nzuri, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko ule wa kupendeza. Aliwaambia kesho wasichomwe, watapewa vidonge peke yake. Alipofika kwake hakuweza kula.

Daktari Kulsumu alifika Alhamisi saa nne asubuhi na Landrova yenye vumbi la Sumbawanga nzima, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, kitambaa kichwani, mwenye kucheka upesi. Alimsalimia Ambwene kama ndugu. Alipeleka mkono kuchukua daftari.

"Daktari, usilichukue," alisema Ambwene. "Ni la uongo."

Akamweleza yote, bila kujipunguzia. Daktari alisikiliza na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akamwita Luciana, akamkalisha chumbani, akafungua sanduku lake la mashine ya kupimia usikivu. Alimvalisha vile vya kuziba masikio kama wanavyovaa watangazaji wa redio, akamweleza kwa ishara kwamba kila atakaposikia sauti ainue kidole. Kisha akaanza kuzungusha vitufe, na baada ya kila sauti akatia alama kwenye karatasi.

Ambwene alisimama mlangoni akikitazama kidole cha Luciana. Kilikuwa juu ya goti, kimenyooka, tayari. Daktari alizungusha, akaongeza, akazungusha. Kidole hakikuinuka. Uso wa Luciana ulikuwa wa mtu anayejitahidi kwa moyo wote kufanya vizuri. Mara mbili aliinua kidole, na mara zote mbili mashine ilikuwa kimya. Kwenye sauti nzito sana, mwisho kabisa wa nguvu za mashine, akainua kwa haki, akatabasamu.

"Zimebaki hizo nzito tu," Daktari alimwambia Ambwene walipotoka nje upande wa gari. "Nyingine zimekwenda. Na hizo zilizobaki, sikuahidi."

"Najua nimekosa," alisema Ambwene. "Kozi iache. Kama ni kufukuzwa kazi, sawa."

"Hujui ulichokosa!" Daktari alimkatiza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Unadhani ni huyu mama mmoja? Taarifa zako za miezi mitatu zilikuwa safi, Ambwene. Dozi kamili, wazee, watu wembamba, na hakuna hata sikio moja lililoumia. Kwingine walipolalamika, nikaona labda hawajui kuuliza. Wiki sita zilizopita niliwaandikia wote kumi na mmoja. Niliwaambia hakuna haja ya kupunguza dozi. Wampe kila mtu gramu nzima. Mfano niliowapa ni Kalwembe."

Ambwene alishika mlango wa gari. Wiki sita. Zahanati kumi na moja. Alijaribu kuhesabu mabenchi na hakuweza.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa, ingawa haikuwa chafu. "Na swali nililiandika mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nililiandika ofisini, mezani. *Muulize mgonjwa habari za masikio.* Mtoto wa Majengo, niliyekulia dukani kwa baba yangu nikisikia watu wanasalimiana kutwa. Habari za masikio! Ningeandika tu, unasikia mlio? Maneno mawili." Akavaa miwani. "Leo hii nakwenda kuzizungukia. Zote. Na wewe utakuja, uwaeleze kwa mdomo wako. Lakini kwanza kuna huyo mama. Nani atamwambia?"

"Mimi," alisema Ambwene.

Alikuwa amepanga kumwambia faraghani, kwa heshima, kwa sauti ya chini kama mtu anavyosema jambo zito mbele ya mama yake. Lakini Luciana alikuwa ameshatoka akakaa kwenye mwisho wa benchi, juani, miongoni mwa wagonjwa waliokuja kwa ajili ya sindano na vidonge. Urbano alikuwepo. Polikarp alikuwepo, amemleta mkewe apate dawa. Ambwene alichuchumaa mbele ya Luciana, akaishika mikono yake.

"Mama," alisema, "ni mimi niliyekuharibia masikio."

Luciana aliinama, akamtazama midomo. "Unasemaje? Sema kwa nguvu, mwanangu."

"Ni mimi niliyekuharibia masikio. Dawa ilikuwa inayaua na mimi sikukusikiliza."

"Sikio gani?" Aliweka kiganja nyuma ya sikio lake, akasogea karibu, akitabasamu kuomba radhi kwa usumbufu. "Nguvu, baba. Nguvu."

Basi Ambwene akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkwaruza koo, mpaka kina mama waliokuwa kisimani ng'ambo ya barabara wakasimamisha ndoo zao. "NI MIMI! NI MIMI NILIYEKUHARIBIA MASIKIO, MAMA! ULINIAMBIA, SIKUKUSIKILIZA!" Kwenye benchi hakuna aliyekohoa. Urbano alipeleka mkono sikioni mwake, akauacha hapohapo. Polikarp aliinuka polepole, akamtazama mganga, akamtazama mkunga, na mkewe akamshika shati. Luciana bado alikuwa anakunja uso akiyaunganisha maneno midomoni, kwa hiyo Ambwene akapiga kelele tena, huku analia.

Luciana aligeuka akawaangalia wale waliokaa naye, mmoja mmoja, na kwenye nyuso zao akasoma kwamba wao walikuwa wamekwisha kusikia, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kujua. Alirudisha macho kwa Ambwene. Akauliza, kwa sauti ile kubwa asiyoijua kwamba ni kubwa, kama yatarudi.

Kwa hilo hapakuwa na haja ya kupiga kelele. Ambwene alitikisa kichwa.